Moshi Unarudi Lini?

Mei inapoingia, upepo wa kusi ukaanza kukaza na masika yamekwisha kuloweka kila kitu, majiko mengi ya kuni huko Lamu hupatwa na maradhi mamoja. Moshi uliokuwa ukipanda dohani tangu Januari bila matata sasa unamwagika chumbani. Macho yanawasha, nguo zinanuka, ukuta ulio juu ya meko unazidi kupiga weusi. Fundi akiitwa anatazama juu, anashika kiuno, na hukumu yake ni ile ile: "Mama, dohani yako fupi. Tuongeze bomba."

Huenda anasema kweli. Lakini kurefusha dohani ni tiba ya gharama, na mara nyingi si tiba ya maradhi yaliyopo. Kabla hujatoa pesa, jibu swali ambalo fundi haliulizi kwa sababu yeye haishi humo: moshi unarudi lini? Wakati wa kuwasha tu, kisha unatulia? Mlango ukifungwa? Siku za upepo fulani, na siku nyingine haurudi? Au ni kila siku, tangu meko yalipojengwa? Kila jibu lina pahali pake linapoelekeza, na mengine hayahitaji hata mfuko mmoja wa simiti.

Paa lilipobadilika

Nyumba za mawe za Lamu zilimaliza suala hili bila dohani. Jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti. Moshi ulipanda, ukajipenyeza kwenye makuti, ukaenda zake; joto halikushuka vyumbani wala harufu ya samaki haikuwafikia wageni. Sisemi mpishi alistarehe. Macho ya bibi zetu yanajua walichokipata. Ila chumba hakikujaa moshi, kwa kuwa paa zima lilikuwa likipumua.

Shida ilianza paa lilipobadilishwa. Makuti yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na yanashika moto upesi. Mwenye nyumba akaweka mabati, au akamwaga zege apate orofa nyingine. Jiko likabaki pale pale, na kuni zile zile, ila njia ya moshi imezibwa. Ndipo ukuta ukatobolewa, likachomekwa bomba lililokuwa karibu, likaitwa dohani.

Malindi kuna hali ya namna nyingine. Majumba yaliyojengwa kwa ajili ya wageni, Waitaliano hasa, huwekewa meko ya ukutani yenye mdomo mpana, pengine na tanuri la piza ubavuni. Mengi yamejengwa kwa kutazama picha. Yanapendeza kweli, mpaka siku ya kuwasha.

Kinachoupandisha moshi

Tumezoea kusema dohani inavuta moshi. Kazi yenyewe inafanywa na hewa ya chumbani: ni nzito kuliko moshi wa moto, kwa hiyo inaingia mdomoni mwa meko na kuusukuma moshi juu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ina uzito wa takriban kilo 1.16. Moshi wa nyuzi 150, kwa ujazo ule ule, una takriban kilo 0.83. Tofauti hiyo ndogo ndiyo nguvu yote uliyo nayo. Kwa dohani ya mita 4 inazaa msukumo wa paskali 13 hivi, sawa na uzito wa maji yenye kina kinachopita kidogo milimita moja.

Sasa linganisha na London wakati wa baridi, nje nyuzi 5. Dohani ile ile, moto ule ule, inapata kama paskali 17. Joto letu la pwani linatunyima karibu robo ya nguvu ya dohani kabla hatujafanya kosa lolote. Kwa hiyo vipimo vilivyoandikwa kwa nchi za baridi huku vinakaa ukingoni: kasoro ndogo ambayo kule isingeonekana, Lamu inajaza chumba moshi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Upepo wa kilomita 18 kwa saa ukigonga ukuta unauwekea msukumo wa paskali 14 au 15. Yaani upepo wa kawaida tu wa alasiri ya kusi una nguvu sawa na dohani yako nzima. Ukiwa upande wako, unakusaidia. Ukiwa dhidi yako, hakuna moto utakaoushinda.

Wenye nchi za baridi wenyewe walichukua muda kulielewa jambo hili. Benjamin Franklin, mwaka 1785, alihesabu sababu tisa za dohani kurudisha moshi, na ya kwanza kwake ilikuwa chumba kukosa hewa. Miaka kumi hivi baadaye Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alipata sifa mjini London kwa kutibu meko ya matajiri. Dohani hakuzirefusha. Alibana koo lake, pale moshi unapoacha meko na kuingia dohani, likabaki na upana wa inchi 4 hivi, kisha akapunguza kina cha meko. Kazi ya matofali machache.

Wakati wa kuwasha tu

Hili ndilo jepesi. Dohani iliyolala usiku kucha imejaa hewa nzito isiyo na sababu ya kupanda, na ikiwa imejengwa kwa mawe mazito huchukua muda kupata joto. Ukiwasha kuni chini, moshi wa kwanza ni wa ubaridi. Unafika nusu ya njia na kushuka.

Kabla ya kuwasha, washa kijiti cha udi na ukishike mdomoni mwa meko. Moshi wake ukiingia ndani na kupanda, endelea. Ukija usoni kwako, dohani inapumua kinyume. Chukua kipande cha makuti makavu, kiwashe, ukiinue karibu na koo la dohani hadi usikie hewa inaanza kwenda juu. Hapo ndipo uwashe kuni. Inasaidia pia kuanzia moto juu ya rundo: kuni nene chini, vijiti na vifuu juu, kiberiti kileleni. Moshi wa kuni za chini unapita kwenye mwali uliokwisha kukolea na kuungua humo humo. Waliozoea kuchochea kutoka chini wataona ni mchezo wa watoto. Wajaribu.

Mlango ukifungwa

Hewa haiwezi kutoka chumbani isipokuwa nyingine imeingia. Jikoni mwa kale kwenye uwazi pande mbili hapakuwa na tatizo hili. Liko kwenye nyumba mpya za Malindi zenye madirisha ya alumini yanayofunga barabara, na hapo adui mkubwa ni feni ya kutolea hewa ya jikoni au bafuni. Feni hiyo ikizunguka inatafuta hewa popote itakapoipata, na njia iliyo wazi zaidi ni dohani yako. Izime, fungua dirisha vidole vitatu, utazame. Moshi ukikoma ndani ya dakika chache, umepata jibu: toboa tundu la kudumu la kuingizia hewa, chini, karibu na meko, ili upepo usipite migongoni mwa watu kwanza.

Lamu tatizo hili huja kwa sura nyingine, inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Nyumba ndefu yenyewe ni dohani. Ngazi inayopanda orofa mbili tatu hadi kwenye paa lililo wazi inapandisha hewa ya joto mchana kutwa. Ukijenga meko orofa ya chini, na bomba lake likaishia chini ya uwazi wa paa, dohani mbili zinashindana, na ile pana zaidi, ngazi, inashinda. Moshi utauona ukitoka mekoni na kuelekea ngazini kama mgeni anayejua njia. Funga mlango wa ngazi wakati wa kupika. Pasipokuwa na mlango, afadhali kuweka mlango kuliko kuweka bomba.

Tangu siku ya kwanza

Meko ambayo hayajawahi kufanya kazi vizuri, kwa upepo wowote na kwa kuni zozote, yana kasoro ya vipimo. Pima mdomo. Kanuni ya waashi ni kwamba uwazi wa ndani wa dohani uwe kama sehemu moja ya kumi ya uwazi wa mdomo wa meko. Mdomo wa sentimita 60 kwa 50 ni sentimita za mraba 3,000. Dohani yake inataka 300, yaani bomba la inchi 8. Lililowekwa mara nyingi ni la inchi 4, kwa kuwa ndilo lililopatikana dukani, na uwazi wake ni kama sentimita za mraba 80 tu. Watu wanafikiri nusu ya upana ni nusu ya kazi. Ni robo. Bomba kama hilo hata ulipandishe juu ya mnara wa msikiti halitatosha.

Ila usikimbilie kubomoa. Uwiano una pande mbili, na upande wa mdomo ni rahisi zaidi kuubadilisha. Washa moto mzuri, chukua kipande cha bati kinachoenea upana wote wa mdomo, ukishike sehemu ya juu kabisa ya uwazi, kisha ukishushe polepole. Patafika mahali moshi utakoma kutoka. Weka alama. Ikiwa umeshusha sentimita 10, mdomo umebaki sentimita za mraba 2,400 na bomba la inchi 7 linamudu. Mwambie fundi ajenge kizingiti hapo kwenye alama. Ikiwa bati limeshuka hadi sufuria haiingii, hapo sasa tatizo ni bomba, na pesa utakayotoa umeitoa kwa haki.

Kupita kiasi nako hakufai. Bomba pana mno linaupoza moshi njiani, unapungua mwendo na kuacha masizi mengi. Kona nazo ni adui: bomba linalotoka ukutani kwa pembe ya mraba, likaenda mita nzima kwa usawa kabla ya kupanda, limeupokonya moshi nguvu mahali pale pale ulipoihitaji. Kama lazima pawe na kona, iwe ya mshazari.

Siku za upepo

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na vitabu. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi inatoka upande wa kusini kuanzia Aprili au Mei na kuendelea miezi mingi. Jiko lililojengwa Januari limejaribiwa kwa upepo mmoja tu. Fundi aliliona linafanya kazi, akalipwa, akaenda.

Upepo ukigonga nyumba unabana hewa upande unaopigwa na kunyonya upande wa nyuma. Ikiwa wakati wa kusi dirisha lako lililo wazi linatazama kaskazini, liko upande unaonyonywa: hewa inatoka jikoni kupitia dirishani, na dohani inageuka njia ya kuingilia. Kwa hiyo fungua la upande wa upepo, funga la upande wa pili. Wengi hufanya kinyume kwa kuwa upepo unapeperusha majivu. Fungua kidogo tu, inatosha. Ni tiba isiyo na gharama, na ningeijaribu kabla ya nyingine yoyote.

Kisha panda juu utazame dohani inaishia wapi. Kanuni za ujenzi za Marekani, zinazonukuliwa sana na mafundi wa dohani, zinataka kilele kiwe angalau sentimita 90 juu ya mahali bomba linapotokea paani, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mjini Lamu nyumba zimegusana, na kipimo cha pili hicho ndicho kinachovunjwa, pengine wala si na wewe. Jirani anaongeza orofa, na ghafla dohani yako iliyokuwa salama iko nyuma ya ukuta mrefu, pale upepo unapopinduka na kushuka. Hapo ndipo fundi anaposema kweli: dohani ni fupi. Imefupishwa na jirani.

Kurefusha kwenyewe kuna taratibu zake. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mwenye nyumba humo hapachiki bomba la kung'aa juu ya paa kabla ya kuzungumza na Makavazi ya Taifa ya Kenya. Mara nyingine kichwa cha bomba chenye umbo la herufi T kinatosha, kwa kuwa upepo ukiingia upande mmoja unatokea upande wa pili bila kushuka. Kofia bapa nayo hufaa, mradi isikae chini mno ikawa kifuniko.

Palipo na makuti, weka wavu wa chuma kileleni wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, wa kuzuia cheche. Wavu huo huziba kwa masizi, na wavu ulioziba unarudisha moshi sawasawa na upepo mbaya. Ukague mara kwa mara. Bomba la chuma lisipite katikati ya makuti hata kidogo. Litolee ukutani, lipande nje. Nusu mita kutoka makuti ndiyo nafasi ndogo kabisa ambayo mimi ningeikubali.

Kuni za Mei

Upepo unageuka miezi ile ile ambayo masika yanalowesha kuni. Sababu mbili zinaingia pamoja, na dohani inabeba lawama zote. Kilo moja ya kuni mbichi inabeba karibu nusu lita ya maji. Moto unatumia nguvu zake kuyachemsha, haupati joto la kuunguza moshi wake wenyewe, na ule moshi mweupe mzito unaoingia dohani umepoa tayari. Msukumo unaanguka.

Kuzitenganisha sababu hizi ni rahisi. Siku ile ile ya upepo, meko yale yale, washa moto wa vifuu vikavu na kuni ulizoziweka ndani tangu kaskazi. Moshi ukikoma, kosa ni la kuni. Ukiendelea, rudi kwenye upepo.

Kuni nzuri zina unyevu usiofika asilimia 20. Kwa hewa yetu hii ya bahari haziwezi kushuka sana chini ya 15, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni ndogo. Zipasue zikiwa mbichi, ziinue kutoka ardhini, zifunike juu na kuziacha wazi ubavuni. Turubai lililofunika kila upande linazichemsha badala ya kuzikausha. Mwenye mizani apime gogo moja kila wiki: uzito ukikoma kupungua, limekauka. Asiye nayo agonganishe vipande viwili, asikilize kama sauti ni kali au imekufa. Mkoko, ambao ni mzito na unawaka kwa joto kali, unachelewa kukauka, na anayeununua ahakikishe umekatwa kwa kibali. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti ya Lamu.

Kitu kimoja sikipendekezi hata kiwe kikavu namna gani: mbao za jahazi bovu na magogo yaliyookotwa ufukweni. Chumvi iliyomo inakula bomba la chuma, na ikiungua na kuni huzaa sumu. Rangi ya zamani nayo yaweza kuwa na madini ya risasi. Kijiti cha namna hiyo kina mwali mzuri wa buluu, na uzuri wake unaishia hapo.

Mawe yanayogeuka chokaa

Wakati mwingine moshi haupiti mdomoni mwa meko kabisa. Unavuja kwenye nyufa za ukuta. Sababu imo ndani ya jiwe. Jiwe la matumbawe likipata joto la nyuzi 800 na zaidi hugeuka chokaa, na kila aliyewahi kuona tanuu ya chokaa ikichomwa anajua hilo. Meko yaliyojengwa kwa jiwe hilo bila kinga yanajichoma uso wake wa ndani kidogo kidogo. Chokaa hiyo ikinyonya unyevu wa masika inavimba, inapasuka, inamomonyoka. Pande tatu za ndani na sakafu zifunikwe kwa matofali ya kuchoma, na udongo wa kuunganishia uwe wa mfinyanzi. Mchanga wa pwani usiooshwa chumvi usitumike hapo.

Masizi nayo yakifika unene wa milimita 3 ndani ya dohani, yasafishe. Yakishika moto yanawaka humo humo kwa joto la kupasua bomba, na juu kuna makuti. Ufagio wa njukuti uliofungwa kwenye kamba na jiwe zito unatosha kwa bomba lililonyooka.

Na moshi ukiisha kuonekana, hatari haijaisha yote. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wenye meko yenye kilango cha kufungia dohani wasikifunge usiku makaa yakiwa hai, hata kama mbu wanaingia.

Ukilazimika kumwita fundi baada ya hayo yote, mwite alasiri, upepo ukiwa umekaza, na meko yakiwa yamewashwa. Akija asubuhi bahari ikiwa shwari hataona kitu, na atarudi kwenye wimbo wake wa bomba. Mkikubaliana bei, sehemu ya mwisho ya malipo isubiri hadi upepo ugeuke.